Tarumbeta Hufia Stoo, Si Barabarani

Hotuba ya mpiga tarumbeta mkongwe kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Kalama, Machakos

 

Mmeniomba niseme juu ya matarumbeta kwa sababu vikundi kadhaa vina bendi, na vingine vinafikiria kuanzisha. Kuna mama mmoja hapa aliniuliza asubuhi, "Mzee, tarumbeta na maendeleo zinahusiana wapi?" Ni swali zuri, na nitalijibu.

Mimi nimepuliza shaba tangu ujana, na sasa nina mvi na bado napuliza. Neno langu kubwa ni moja. Tarumbeta haifi kwa kupigwa sana. Haifi barabarani, hata kwa jua kali na vumbi la kwenda Kola. Hufia stoo, kwa kukosa mtu mmoja anayejulikana kwa jina kuwa ndiye mtunzaji wake. Mkilishika neno hilo, mengine yote ni maelezo tu.

Nikisema tarumbeta nina maana ya jamaa yote ya ala za shaba: koneti, tarumbeta yenyewe, tromboni, baritoni, na ile kubwa tunayoiita besi au tuba.

SHABA SI NGENI KWETU

Wako wanaosema ati haya ni mambo ya wazungu. Hebu tusikilizane. Huko Pwani watu walipuliza siwa kabla ya misheni kufika. Siwa ya Pate ilitengenezwa kwa pembe za ndovu, na ile ya Lamu kwa shaba. Zilipulizwa kwa tundu la ubavuni, wakati wa arusi na sherehe kubwa. Mpaka leo zimehifadhiwa katika makumbusho yetu ya taifa.

Halafu zikaja bendi za misheni na za majeshi. Kuanzia miaka ya 1890 vijana wa Pwani wakaziiga, wakaanzisha ngoma ya beni. Jina lenyewe ni neno bendi. Wakati wa Vita Kuu vya 1914 hadi 1918 askari wakaieneza mbali, na Tanganyika kukawa na vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti. Watu hawa hawakucheza tu. Mwenzao akifa walimzika. Mgeni akifika mjini bila ndugu walimpokea. Mtu akipatwa na shida walimchangia. Sasa niambieni nyinyi: hicho si kikundi cha kujisaidia? Mama, jibu lako la kwanza ndilo hilo.

Na kanisani je? Mwaka 1878, katika mji wa Salisbury huko Uingereza, fundi mmoja wa ujenzi, Charles Fry, pamoja na wanawe watatu, walichukua ala zao za shaba wakaenda kuwasaidia wahubiri wa Jeshi la Wokovu waliokuwa wakisumbuliwa barabarani. Walikuwa watu wanne tu. Bendi za Jeshi la Wokovu duniani kote zilianzia hapo, na Jeshi hilo likafika Kenya mwaka 1921. Kwa jirani zetu Tanzania, Walutheri wana bendi za matarumbeta katika ibada, na huko mjini msafara wa arusi hupita na wapiga matarumbeta juu ya gari.

Sisi wenyewe tumechimba matuta ya mashamba haya kwa mwethya, wimbo ukiongoza jembe. Kazi ya pamoja na sauti ya pamoja havikuanza kutengana kwetu.

Na jibu la pili. Siku hizi kibodi na spika zimejaa kila mahali, na sizipingi. Lakini stima ikipotea, au mazishi yakiwa nyuma ya kilima ambako waya haujafika, spika hunyamaza. Tarumbeta inahitaji pumzi tu. Sauti yake inavuka bonde, na watu wa upande wa pili wanajua kuna jambo. Ndiyo maana watu wanaita bendi kwenye arusi, mazishi na harambee, na kikundi kinapata kitu kidogo cha kuweka kwenye hazina.

SAUTI INATOKA WAPI?

Shaba yenyewe haina sauti. Sauti ni midomo inayotetemeka ndani ya kipulizio, yaani kile kikombe kidogo unachowekea mdomo. Bomba linaipokea na kuikuza. Bomba fupi hutoa sauti nyembamba, bomba refu hutoa sauti nzito.

Zamani tarumbeta ilikuwa bomba tupu, na noti zake zilikuwa chache. Mwaka 1818 Wajerumani wawili, Stölzel na Blühmel, waliandikisha serikalini ufundi wao wa vali, yaani vile vifungo vinavyobonyezwa kwa vidole. Ukibonyeza vali, hewa inapitia kipande zaidi cha bomba. Vali ya pili inashusha sauti nusu hatua, ya kwanza hatua nzima, na ya tatu hatua moja na nusu. Ukizichanganya unapata urefu saba wa bomba. Tromboni haina vali hizo, lakini mkono wake una vituo saba vilevile.

Kwa nini nawaambia haya? Manake ndani ya kila vali kuna pistoni inayopanda na kushuka, na nafasi iliyo kati ya pistoni na ukuta wake ni nyembamba kuliko unywele. Chembe moja ya mchanga inatosha kuikwamisha. Sasa tuone maadui.

MAADUI WA TARUMBETA

Kwanza, mate na sukari. Ukinywa soda au chai ya sukari halafu ukapuliza, unaitia tarumbeta uchafu unaoganda ndani. Shaba hii ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Mate yakikaa ndani muda mrefu, zinki huliwa polepole, na unaona madoa mekundu kwa nje. Ukiyaona, ujue ugonjwa ulianzia ndani, na siku moja hapo patatoboka.

Pili, vumbi. Mnalijua, sina haja ya kueleza.

Tatu, mafuta yasiyofaa. Nimeona watu wakitia mafuta ya kupikia kwenye vali. Yanaganda kama gundi. Mafuta ya cherehani nayo ni mazito kwa pistoni, ingawa yanafaa kwa viungio vya nje. Nunueni mafuta ya vali yenyewe. Ni chupa ndogo, na matone machache yanatosha kila mara.

Nne, kusugua. Akina mama, nawaheshimu sana, lakini tarumbeta si sufuria. Usiisugue kwa majivu, wala mchanga, wala stilwulu. Hata dawa ya kung'arisha madini usiitumie ikiwa tarumbeta ina vanishi, kwa sababu itaiondoa vanishi hiyo inayoilinda shaba. Kitambaa laini kinatosha.

Tano, nguvu. Kipulizio kikikwama, kijana anakimbilia koleo, na bomba linapinda. Jaribu kwa mkono polepole. Kikikataa, mpelekee fundi mwenye chombo chake maalum.

Sita, na huyu ndiye mkubwa, ni stoo. Iko bendi niliyoifahamu vizuri, jina lake sitalitaja. Walichanga kwa taabu, wakapata ala nzuri. Mwenye ufunguo wa stoo akahamia mjini kutafuta kazi, akaenda nao. Kila mtu alifikiri mwingine anashughulika. Baada ya miaka mitatu mlango ulipovunjwa, panya walikuwa wamekula vitambaa laini vya ndani ya vali, pistoni zote zimegandamana, na besi ina kiota. Hakuna mwizi aliyeingia humo. Hakuna aliyeziangusha. Zilikufa kwa kuachwa.

KUITUNZA

Hapa kwetu tunajua maji ni mali. Kikundi cha Utooni kilianza hapa Kola mwaka 1978, na watu wakajifunza kujenga mabwawa ya mchanga ili mto uliokauka utunze maji chini ya mchanga. Kwa hivyo sitawaambia mmwage maji ovyo. Mtungi mmoja wa lita 20 unatosha kuosha koneti mbili au tatu, na maji yakibaki, mwagieni mgomba.

Kila siku ukimaliza kupiga:
1. Fungua kijimlango cha mate, puliza mpaka yaishe.
2. Futa sehemu zote ulizoshika, maana jasho la mikono nalo hula shaba.
3. Toa kipulizio. Kisiachwe ndani, kitakwama.
4. Irudishe kwenye mfuko wake. Kama hamna sanduku la dukani, shoneni mfuko wa blanketi kuukuu, au mwambieni seremala atengeneze sanduku la mbao.

Kila wiki: osha kipulizio kwa maji na sabuni, na tia matone mawili matatu ya mafuta kwenye kila pistoni.

Kila mwezi, kwa bendi inayopiga mara nyingi, fanyeni siku ya kuosha. Tumieni maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo. Si maji ya moto, kwa sababu yatababua vanishi. Toa pistoni moja moja, na uziweke kwa mpangilio. Kila pistoni ina namba yake, 1, 2 au 3. Ukizichanganya, tarumbeta haitatoa hewa na utafikiri imeharibika. Vile vitambaa laini vya pistoni visilowe. Vuta mabomba madogo yote, pitisha maji ndani, suuza, acha yakauke kivulini. Ukirudisha, paka mabomba mafuta mazito kidogo. Hata vaselini inafaa hapo. Lakini usiitie vaselini kwenye pistoni.

Tromboni ina adabu yake. Mkono wake ni mabomba membamba sana. Usiulaze chini mahali watu wanapita. Ukipondeka kidogo tu, hautatembea tena vizuri.

Na mtu asiposhika tarumbeta kwa miezi, bado kila wiki mbili ibonyezwe vali na kutiwa mafuta. Hata trekta isiyolima huwashwa.

AFYA YA MPULIZAJI

Usafi huu si wa urembo tu. Mwaka 2010 madaktari wa Marekani walieleza habari za mpiga tromboni aliyekohoa kwa miaka 15. Dawa zilishindwa. Lakini walipouliza vizuri, wakasikia kwamba akienda safari bila tromboni yake, kikohozi kinapungua. Wakachunguza tromboni, wakakuta ndani yake vijidudu na kuvu. Alipoanza kuisafisha sawasawa, akapona. Miaka 15, jamani, na dawa ilikuwa kuosha!

Kwa hivyo kila mtu na kipulizio chake. Kipulizio ni kama mswaki. Mafua na vidonda vya midomo hupita hapo. Ikibidi watu wawili watumie kimoja, kioshwe kwa sabuni katikati. Korona ilitufundisha hilo mwaka 2020, tusilisahau.

KUPIGA MAISHA YOTE

Vijana huniuliza, "Mzee, siri yako ni nini?" Hakuna siri. Kila siku anza kwa noti ndefu, polepole, dakika kumi. Jaza tumbo pumzi, siyo mabega. Usiigandamize tarumbeta kwenye midomo. Anayesukuma kwa mkono midomo yake huchoka mapema. Pumzika kadiri unavyopiga. Na chunga meno ya mbele, kwa maana ndiyo nguzo ya mdomo.

Kwaya zetu nyingi zinajua sol-fa. Basi hamuanzii sifuri. Kwa koneti, skeli ya kwanza ni hii: do, usibonyeze kitu, re, vali 1 na 3, mi, 1 na 2, fa, 1, so, usibonyeze, la, 1 na 2, ti, 2, do ya juu, usibonyeze. Midomo ndiyo inayotofautisha do na so. Andikeni hapo kwenye daftari, mwende nayo nyumbani.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Katika muziki wa bendi za shaba kwa desturi ya Uingereza, karibu sehemu zote zimeandikwa kwa namna moja, ili vidole vya koneti viwe ndivyo vya baritoni na ndivyo vya besi. Tromboni tu ndiyo tofauti kwa sababu ya mkono wake. Maana yake ni nini? Mtoto anaweza kuanza na koneti. Akiwa mtu mzima na midomo imezidi kuwa mizito, ahamie baritoni. Akizeeka na meno yamepungua, ahamie besi, ambayo kipulizio chake ni kikubwa na hakidai midomo ya ujana. Hajifunzi vidole upya. Na koneti aliyoiacha inapata mtoto mwingine.

Ndiyo maana nasema tarumbeta ikitunzwa huishi kuliko mwenyewe. Ziko ala zilizotengenezwa kabla hatujazaliwa na bado zinalia. Lakini kama koneti ilikufa stoo, mzee atahama amwachie mtoto nini?

KANUNI ZA KIKUNDI

Nimalizie na shughuli ya viongozi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Moja, kila ala iwe na namba, na iandikwe kwenye daftari: namba ya kiwandani iliyochorwa kwenye shaba, jina la mtunzaji, tarehe ya kuoshwa, na matengenezo. Mtunzaji ni mtu mmoja, siyo "kamati". Kamati haina mkono wa kushika kitambaa.

Mbili, iandikwe kwenye katiba yenu kwamba ala ni ya kikundi. Si ya mwenyekiti, si ya mpigaji. Mtu akihama kwenda Nairobi, tarumbeta na ufunguo vinabaki Kalama. Mpigaji akifariki, familia isisumbuliwe na isisumbue. Kila mtu anajua iliandikwaje.

Tatu, funguo za stoo ziwe mbili, kwa watu wawili wa nyumba mbili. Na heri kila mpigaji alale na tarumbeta yake nyumbani kuliko ikae stoo. Iliyo nyumbani hupigwa.

Nne, kila mkipata malipo ya arusi au harambee, kabla ya kugawana, katika kila shilingi kumi wekeni moja ya mafuta, springi na fundi. Mweka hazina asiiguse kwa kitu kingine. Kidole kidogo kikipona mapema hakikatwi mkono.

Tano, wapeni wasichana. Shaba haiulizi ni pumzi ya nani. Tena nimeona wasichana wakitunza ala vizuri sana, na wakija kuwa mama watawafundisha watoto wao.

Sita, kila mpigaji awe na mwanafunzi mmoja. Akikosa siku moja, mwanafunzi ashike nafasi. Bendi isiyo na wanafunzi ni kama shamba lisilo na mbegu ya msimu ujao.

Mama uliyeniuliza swali, jibu langu la mwisho ndilo hili. Kikundi kinachoweza kutunza tarumbeta kumi kwa miaka thelathini, kila moja na jina la mtunzaji wake, kinaweza kutunza tangi la maji, posho mill, au ng'ombe wa maziwa. Adabu ni ileile. Na kikundi kinachoshindwa na kitambaa na matone mawili ya mafuta, hata mkikiletea lori la misaada, litakufia stoo.

Kwa hivyo leo mkirudi nyumbani, kabla hamjachanga senti moja kununua ala mpya, fungueni kwanza stoo. Tazameni kilichomo. Andikeni majina.